Vikope Havifiki Kwenye Retina

Neno vikope, ambalo nchini Tanzania ndilo jina la trakoma, linaonyesha ugonjwa ulipo, kwa kuwa makovu yake huikunja kope kwa ndani hata nywele zake zikaikwaruza konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Maambukizi ya nyuma ya jicho hayana jina la mtaani, na pengo hilo si dogo kwa wakazi wa Shelui, mji mdogo wa Tanzania ulio jirani na Sekenke palipoanza kuchimbwa dhahabu mwaka 1909, kwani vumbi la mwamba huwazidishia wachimbaji hatari ya kifua kikuu, nacho ni miongoni mwa maradhi yawezayo kuvimbisha mishipa ya damu ya retina, utando upokeao mwanga. Mishipa hiyo huvuja, mingine huziba, na retina iliyokosa oksijeni huchochea kuota kwa mishipa mipya, dhaifu, ambayo ikipasuka humwaga damu katika ute ujazao jicho. Mgonjwa, mara nyingi pasipo maumivu, huona vidoa vyeusi vikielea. Mtoto wa jicho, ambalo ni jina la lenzi iliyoingia ukungu, nalo halifai hapa, ingawa hutajwa upesi.