Outlander: mapokezi ya mashabiki

Outlander ni tamthilia ya televisheni ya mahaba na safari ya wakati, iliyoanza kuonyeshwa na Starz mwaka 2014, nayo yatokana na riwaya za Diana Gabaldon, ambazo ya kwanza ilitoka mwaka 1991. Mhusika wake Claire, muuguzi wa vita, hutoka mwaka 1945 akajikuta Uskoti ya 1743. Wasomaji wa riwaya waliipima tamthilia kwa mizani ya kitabu, hata wakahoji macho ya buluu ya Caitriona Balfe, mwigizaji wa Claire, ilhali ya Claire wa riwaya ni ya rangi ya wiski. Mashabiki wamezidisha idadi ya wazuru katika ngome ya Doune huko Uskoti, iliyotumika kupigia picha za tamthilia. Na huko Culloden, kwenye uwanja wa vita wa kale, kaburi la ukoo wa Fraser, ambao ndio ukoo wa mpenzi wa Claire hadithini, ilibidi lizungushiwe uzio ili kuhifadhi ardhi iliyochakazwa kwa nyayo za mashabiki hao.