Umiliki wa Rekodi za Jazi: Kutoka Massey Hall hadi Juba

Historia ya muziki huandikwa kwa kutegemea sauti zilizohifadhiwa. Makala haya yanadai kuwa umiliki wa kanda huchangia kuamua ni muziki upi utakaoingia katika historia hiyo.

Tarehe 15 Mei 1953, Bud Powell alipiga piano katika ukumbi wa Massey Hall, Toronto, pamoja na Charles Mingus kwenye besi na Max Roach kwenye ngoma. Watatu hao walikuwa na sehemu yao, mbali na ile waliyoshirikiana na Charlie Parker na Dizzy Gillespie. Mapato ya mlangoni hayakutosha kulipa ujira wote. Hata hivyo, onyesho lilirekodiwa, na kanda ikatolewa na Debut, kampuni ambayo Mingus na Roach walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1952. Hivyo usiku wa hasara ukawa hati muhimu ya mtindo wa bibop. Hati hiyo nayo yahitaji kuhakikiwa: kwa kuwa besi ilisikika kwa unyonge, Mingus aliipiga upya studioni katika baadhi ya nyimbo.

Katika Sudan Kusini, neno jazi lilishika njia nyingine. Baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, Juba ikawa makao makuu ya serikali ya eneo la Kusini. Bendi kama Rejaf Jazz na Skylarks zikachezesha watu kwa magitaa yenye athari za muziki wa Kongo. Vita vikarejea mwaka 1983. Katika mji huohuo, jina la mtaa wa Buluk lina asili ya neno la Kituruki lenye maana ya kikosi cha askari. Askari, basi, wana kumbukumbu katika ramani ya Juba. Wanamuziki hutegemea kanda.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na suala hili sasa ni la kikanda. Kila mradi wa kukusanya kanda za zamani unapaswa kuorodhesha wapigaji, mahali na tarehe, kueleza marekebisho yaliyofanywa, kuwapa wanamuziki au warithi wao nakala, na kusajili haki zao kabla ya usambazaji. Bila hatua hizo, sauti inaweza kuokolewa huku wenyewe wakisahauliwa.