Programu Huria: Istilahi Inayohitaji Mstari wa Pili

Anayetaka kuwajulisha watu wa Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema mashariki mwa Kongo, habari za programu kama LibreOffice ya kuandikia au VLC ya kuchezea video kwa kipeperushi atakwama kwenye kichwa cha karatasi kabla hajafikiria gharama ya fotokopi. Aandike nini pale juu?

Wengi wataandika "programu za bure". Bure ni bei, na bei siyo jambo lenyewe. Tena neno hilo lina doa: kazi bure, maneno ya bure. Mtu wa sokoni akipewa cha bure huuliza kwanza mtego uko wapi.

Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, alichodai ni ruhusa: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuirekebisha, kugawa nakala zake, na kugawa hata ile uliyoirekebisha. Kiingereza hutumia neno moja, free, kwa bei na kwa uhuru, na utata ukaanzia hapo. Kifaransa kina mawili, libre na gratuit, kwa hiyo mwanafunzi wa Kasongo huenda akaiona tofauti upesi kuliko mwenzake wa Dodoma.

Kiswahili cha vitabu kimechagua huria, ndugu wa uhuru. Tanzania imelizoea neno hilo kupitia soko huria na Chuo Kikuu Huria. Maniema ni habari nyingine. Kiswahili kiliingia huku na misafara ya karne ya 19, Kasongo ikiwa makao ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa Tippu Tip, lakini shule zikaja kufuata Kifaransa, na istilahi za Dar es Salaam hazikuwa na njia nyepesi ya kufika. Asiyelijua neno atasikia uhuru ndani yake na kudhani ni siasa. Na karatasi za kugawa barabarani mashariki mwa Kongo, zile ziitwazo trakti, tayari zina sifa ya siasa na vitisho.

Hata hivyo nisingelitupa huria. Libaki juu kwa herufi kubwa, na chini yake mstari mmoja wa lugha ya mtaani: "Una ruhusa ya kuikopi na kumpatia ndugu yako. Si wizi." Katika ruhusa zote nne nimechagua hiyo kwa sababu, pale intaneti ilipo ghali na dhaifu, programu husafiri kwa flashi kutoka mashine hadi mashine, mara nyingi Windows ya wizi ikiwa na virusi vyake. Kunakili watu wanakujua; wasichokijua ni kwamba kuna programu ambazo mwenyewe amekuruhusu.

Anwani ya tovuti peke yake haitamfaa msomaji wa Kabambare. Mwandikie ni sekretariati gani, yaani duka la kuchapa na fotokopi, apeleke flashi yake, na saa ngapi jenereta huwashwa. Kisha ongeza pembeni kwamba kipeperushi chenyewe kinaruhusiwa kufotokopiwa.