Michael Majerus na Nondo Weusi wa Uingereza

Mwaka wa 1848, mjini Manchester, alikamatwa nondo mweusi wa aina ambayo siku zote ilijulikana kwa weupe wake wenye vitone vyeusi, mfano wa unga ulionyunyiziwa pilipili manga. Viwanda vya Uingereza wakati ule vilitapika moshi wa makaa ya mawe usiku na mchana. Masizi yaliyapaka magome ya miti, na mimea midogo ya kijivu iotayo juu ya magome hayo ikafa. Haikutimia miaka hamsini, mwaka wa 1895, nondo 98 hivi katika kila 100 wa aina hiyo kandokando ya Manchester walikuwa weusi. Mwaka uliofuata J. W. Tutt alitoa sababu: nondo mweupe alalaye mchana juu ya gome jeusi huonekana upesi na ndege akaliwa, mweusi husalimika akazaa wa namna yake.

Rai hiyo ilikaa zaidi ya nusu karne bila ya kupimwa sawasawa. Aliyeipima ni Bernard Kettlewell, tabibu aliyeuacha udaktari akawafuata wadudu. Mwaka wa 1953, katika msitu wa karibu na Birmingham, alifungua nondo waliotiwa alama. Aliowapata tena walikuwa 27 na nusu katika kila mia ya weusi, na 13 tu katika kila mia ya weupe. Mwaka wa 1955, katika msitu safi wa Dorset, mambo yakawa kinyume. Vitabu vya shule vilimpokea nondo huyu kwa furaha, akawa shahidi mashuhuri kuliko wote wa uteuzi wa asili.

Majerus, aliyezaliwa mwaka wa 1954, aliwapenda vipepeo na nondo tangu utoto. Alipokuwa mwalimu wa elimu ya urithi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, sifa yake ilitokana pia na wale wadudu wa duara wenye mabawa mekundu na madoa meusi, walao vidukari. Alichunguza bakteria wanaorithiwa kwa mama, ambao huwaua watoto wa kiume ndani ya mayai. Na dada zao, waanguliwapo, huyala mayai hayo yaliyokufa. Ni habari ya kutisha, lakini ina hesabu yake: bakteria hawawezi kurithishwa na dume, na chakula kile huwafaa majike wanaowabeba.

Mwaka wa 1998 alitoa kitabu juu ya weusi wa wadudu, na humo akazitaja kasoro za Kettlewell bila ya kuficha. Nondo walifunguliwa mchana, tena wengi mno mahali pamoja. Waliwekwa juu ya mashina, wasiachwe wajichagulie mahali. Waliofugwa walichanganywa na wa mwituni. Hata hivyo, alisema, neno lenyewe ni kweli: ndege ndio sababu. Wasomaji wengi walichukua nusu ya kwanza wakaiacha ya pili. Mwaka wa 2002 kilitoka kitabu cha mwandishi wa habari kilichodokeza kwamba Kettlewell alidanganya, na wapinzani wa elimu ya mageuko wakashangilia. Kettlewell alikuwa amekwisha kufa tangu 1979. Hakuwa na kinywa cha kujitetea.

Majerus aliona kwamba maneno hayatoshi. Kwa miaka sita alifanya kazi katika bustani ya nyumba yake mwenyewe. Jioni alimtia nondo ndani ya wavu uliozungushiwa tawi, akamwacha ajichagulie mahali pa kulala. Kabla ya alfajiri aliuondoa wavu. Saa nne baada ya jua kuchomoza alikwenda kutazama nani yupo na nani hayupo. Nondo 4,864 walipita mikononi mwake kwa njia hiyo. Aliwaona kwa macho ndege wa aina tisa wakiwala. Alipowatafuta nondo waliolala kwa hiari yao juu ya miti, alipata 135: zaidi ya nusu matawini, na zaidi ya theluthi mashinani, palepale waliposemwa kwamba hawalali.

Muda ulikuwa haba. Sheria ya hewa safi ya mwaka wa 1956 ilikuwa imekwisha kuyasafisha magome, na weusi wakipungua mwaka hata mwaka: pale Cambridge walikuwa 12 katika kila 100 mwaka wa 2001, wakabaki 1 tu mwaka wa 2007. Kazi hiyo ingalicheleweshwa kidogo, wa kupimwa wasingalipatikana.

Agosti 2007, mjini Uppsala, Sweden, alisimama mbele ya wataalamu akaeleza aliyoyaona. Kila siku nafasi ya mweusi kusalimika ilikuwa pungufu kuliko ya mweupe kwa yapata sehemu moja katika kumi. Tofauti hiyo yatosha kabisa kueleza kutoweka kwao. Lakini hakuwahi kuyachapisha. Alifariki Januari 2009, umri wake miaka 54. Wenzake wanne, Cook, Grant, Saccheri na Mallet, walizichukua hesabu zake, wakazipima upya, wakazitoa mwaka wa 2012 katika jarida la *Biology Letters*, na jina la marehemu wakaliandika katika kichwa cha makala.