NYS ya Gilgil: Kutoka Kujenga Barabara Hadi Kuchimbua Matope

Kila tangazo la kusajili makuruta wa NYS likitoka, swali huwa ni lile lile: niende Gilgil ama nibaki mtaani nikitafuta kibarua? Mimi sitakuambia uende au ubaki. Lakini ukitaka kwenda kwa sababu unataka kusaidia watu wakati wa majanga, jua kwanza hiyo kambi ilitoka wapi.

NYS ilianzishwa 1964, hata mwaka mmoja wa uhuru haujaisha. Serikali ya Mzee Kenyatta ilikuwa na vijana wengi wasio na kazi wala masomo, wengine wametoka msituni na vizuizini, na vijana kama hao ukiwaacha wakae tu, watakuuliza uhuru wao uko wapi. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, yule yule wa Starehe. Aliongoza mpaka 1988. Hebu fikiria, miaka 24 bosi ni mmoja! Sheria ilisema vijana wafunzwe na wafanye kazi zenye umuhimu kwa taifa, na dharura ikitokea waweze kuwa kikosi cha akiba.

Hiyo sehemu ya dharura ndiyo watu husahau. NYS ilijulikana zaidi kwa jembe na tingatinga, barabara za kaskazini kuelekea Marsabit na Moyale. Halafu 1984 mpaka 1990, kila aliyeitwa chuo kikuu cha umma alipitia gwaride kwanza. Uliza mjomba wako aliyesoma wakati huo, lakini uwe na muda, kwa sababu hiyo stori haiishi haraka.

Sasa tuje nyumbani. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipasuka huko Solai. Maji yalishuka mlimani yakabeba nyumba, ng'ombe na watu. Walikufa zaidi ya 40, wakiwemo watoto. Waliofika kwanza ni majirani, gizani, na chochote walichokuwa nacho mkononi. Vikosi vya uokoaji vilikuja baadaye. Na mwezi huo huo wa Mei, nchi nzima ilikuwa inasoma kuhusu mabilioni yaliyopotea NYS, na wakubwa wakapelekwa kortini. Mimi hilo bado linaniuma. Solai na Gilgil ziko kaunti moja. Pesa zilizotengwa kwa vijana zilikuwa zinaliwa, na vijana wa Solai walikuwa wanachimbua matope kwa mikono.

Bunge lilipitisha sheria mpya ya NYS mwaka huo, likaifanya shirika la serikali. Sawa. Lakini Aprili 29, 2024, kabla jua halijachomoza, maji yaliyokuwa yamezibwa chini ya reli ya zamani kule Old Kijabe yakafumuka na kushukia Mai Mahiu. Zaidi ya 50 walikufa. Na tena, watu wa kwanza kwenye tope walikuwa wenyeji.

Kwa hivyo mimi naona hivi. Kuita NYS kikosi cha majanga ni kuipa sifa ambayo historia yake haijaipa bado. Ni chuo cha kazi na nidhamu ambacho huitwa mambo yakiharibika. Hiyo si kitu kidogo, vijana wenye nguvu na wanaojua kufuata amri ni dhahabu siku ya mafuriko. Lakini kubeba magunia ya mchanga ni tofauti na kujua kumrudishia mtu pumzi, kuogelea na kamba kiunoni, au kutazama bwawa la shamba na kuona ukuta wake umeanza kuvuja. Na anayemaliza akirudi Rhonda au Kaptembwo, jina lake linafaa kubaki kwenye orodha ya wadi, ili mvua ikizidi chifu ajue atampigia nani simu.

Kwa hivyo siku ya usajili, ukishapimwa, uliza: huduma ya kwanza nitafunzwa wiki ngapi? Kuogelea je? Nikimaliza, nani Nakuru ataniita? Afisa anaweza kukukazia macho. Uliza tu, mvua ya masika huanza Machi.