Sukari za Mapishi ya Kichina: Majina na Matayarisho

Neno la Kichina *tang* limo katika majina ya sukari kadhaa zisizoweza kubadilishana chunguni. Anayefasiri majina hayo sisisi humpotosha mpishi, ilhali Kiswahili kina maneno ya kutosha.

*Bingtang*, kwa tafsiri ya neno kwa neno, ni "sukari ya barafu". Jina hilo laweza kumfanya msomaji adhani ni sukari ya unga ya kupambia keki. Kumbe ni mabonge magumu: maji ya sukari huchemshwa hadi yakolee, kisha huachwa yapoe polepole kwa siku kadhaa ili fuwele zijijenge. Istilahi ifaayo ni *sukari mawe*. Katika *hongshao rou*, nyama ya nguruwe inayopikwa taratibu kwa mchuzi wa soya, sukari hiyo huipa nyama mng'aro. Mara nyingi huyeyushwa kwanza katika mafuta kidogo, kwa moto mdogo, hadi iwe na rangi ya kaharabu; ikipita hapo huwa chungu, na hapana budi kuanza upya.

*Hongtang*, "sukari nyekundu", ni maji ya miwa yaliyochemshwa hadi yakaganda bila kuondolewa molasi. Hiyo ni *sukari guru*. "Sukari ya kahawia" si kisawe chake, kwani ile ya viwandani aghalabu ni sukari nyeupe iliyorudishiwa molasi. Nchini China, hongtang huchemshwa na tangawizi akanyweshwa mzazi aliyetoka kujifungua.

*Maiyatang* ni ya kale zaidi. Ilikwisha kutumika kwa karne nyingi kabla ya mwaka 647, mfalme Taizong alipotuma wajumbe Magadha, India, wakajifunze kupika sukari ya miwa. Ngano au shayiri huoteshwa, hupondwa, huchanganywa na wali wa mchele unaonata, na kuwekwa penye joto kwa saa kadhaa. Vimeng'enya hugeuza wanga kuwa sukari. Maji yake huchujwa na kuchemshwa hadi yawe mazito. Nafaka iliyooteshwa hivyo ndiyo *kimea* cha wapika pombe, kwa hiyo *shira ya kimea* ni jina sahihi. Isiitwe asali, maana hakuna nyuki aliyeshiriki. Isitoshe, bata wa Beijing hupakwa shira hiyo kabla ya kuokwa, na asali halisi huungua upesi zaidi.