Mwanamgambo ni Askari wa Nani?

Redio ikitangaza habari za Somalia, mkulima wa Maua, ambaye miraa yake huliwa Mogadishu, husikia neno moja: wanamgambo. Akivuka mpaka wa Tanzania, neno hilohilo linageuka maana. Huko mgambo ni jeshi la akiba la wananchi, linalofunzwa na serikali. Na zamani mgambo ulikuwa mbiu: la mgambo likilia, kuna jambo.

Neno lenye sura zote hizo haliwezi kubeba peke yake dhana ya watu wanaopigana nje ya amri ya dola. "Kundi lisilo la kiserikali" halifai pia, kwani masikioni mwa Wakenya hilo ni shirika la misaada. "Kundi lenye silaha lisilo la dola" ni refu, lakini linagusa kiini cha swali: bunduki inamtii nani?

Meru na Embu wanalijua swali hili kwa uchungu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, msitu wa Mlima Kenya ukawa ngome ya majemadari wa Mau Mau, akina Musa Mwariama, Baimungi na Kubukubu. Wapiganaji wengi walibeba bunduki za kujitengenezea: kipande cha bomba la maji, komeo la mlango, ukanda wa mpira wa baiskeli wa kulifyatulia. Vijijini walisimama hom gadi, walinzi waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni: majirani zao, wengine ndugu wa damu, kwanza na mikuki, baadaye na bunduki za mkoloni. Wa msituni waliitwa magaidi, na marufuku ya Mau Mau ikadumu hadi 2003. Baimungi, aliyerudi msituni, aliuawa 1965, bendera ya uhuru ikipepea.

Leo pia kuna makundi yenye silaha yasiyo ya dola, na hatari yake hailingani kila mahali. Al-Shabaab ya Somalia hutoza kodi na kuendesha mahakama, na ndiyo iliyoua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Kundi la waasi la M23 liliteka Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025, likaweka watawala wake. Hukohuko Kongo, kundi la ADF huua wanavijiji wa Beni na Ituri kisha hutokomea msituni. Huko Mali, kundi la wanajihadi la JNIM lilizuia malori ya mafuta yasifike Bamako mwaka huohuo wa 2025.

Wazalendo wa mashariki mwa Kongo ndio wanaoitatiza istilahi: wanapigana dhidi ya M23, wakiwa upande mmoja na jeshi la taifa, kama hom gadi wa Embu walivyosimama na mkoloni. Mhariri hana budi kuuliza risasi zao zimetoka ghala gani kabla ya kuwaita wanamgambo.